Maharagi ya Mumosho

Kwenu mliobaki kazini,

Siku mliponiaga mliniomba niseme neno. Nilisimama, nikashukuru kwa kitenge na thermos, nikakaa tena, na nyinyi mkadhani machozi yamenishinda. Machozi hayakuwepo. Jambo nililotaka kusema lilikuwa refu kuliko soda zilizokuwa mezani, na niliona wengine mnaangalia mlango. Sasa nina muda. Sitaandika nani alinipandisha cheo wala nililipwa nini, hayo kila mmoja anayajua kwa wivu wake. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kazi, na siku ambayo nilitamani ardhi ya Bagira ifunguke inimeze.

Nilianza miaka ya mwisho ya utawala wa Wabeleji, katika fuaye, ile nyumba ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto na kupika. Bagira, mtaa wa wafanyakazi, ilikuwa mpya. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari kama wanafunzi, na matofali yalinukia tanuru wakati wa mvua. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya masere, wale watawa wa kike, nikijua Kifaransa cha kusali na cha kushona. Mkubwa wetu alikuwa Mbeleji kijana ambaye hajaolewa, tukamwita Mademwazeli kama alivyotaka mwenyewe. Alikuwa na moyo mzuri na kitabu cha mapishi cha kwao.

Siku ya kwanza alinipa aproni nyeupe, akaniambia nitafsiri. Alisema majani mabichi yana vitamini. Neno hilo sikulijua kwa Kiswahili, na sijui hata leo kama lipo. Nikawaambia wamama kwamba majani yana dawa ndani. Wiki iliyofuata muuguzi wa dispansere akaja kulalamika: wanawake walikuwa wamepanga mstari kwake wakidai hiyo dawa ya majani, ili wasipoteze makala, makaa ya jikoni, kwa kupika. Somo la pili lilikuwa mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga wa ngano. Wamama waliangalia kwa adabu kubwa. Ng'ombe wa karibu alikuwa wa chefu, mtawala wa kienyeji, na chefu hakuwa na desturi ya kugawa.

Aliyenifundisha kazi kweli alikuwa Maman Konsolata, mjane aliyekaa mtaa wa Kasha, ambaye ndiye alikuwa mlinzi wa mizani. Mizani yetu ilitundikwa kwenye boriti ya veranda, na chini yake ulining'inia mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu. Kila mtoto aliyewekwa humo alilia. Konsolata alisema anayelia hamtishi, anamwogopa yule anayening'inia kimya. Alinifundisha kuangalia miguu kabla ya uso, kubonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba na kuona kama shimo linabaki. Alinifundisha kutazama mizizi ya nywele, maana nywele hazijui kudanganya. Ugonjwa tuliokuwa tukiutafuta unaitwa kwetu bwaki. Unamkamata hasa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwingine anakuja, akabaki na bugali mtupu. Anavimba, ngozi inabanduka, nywele zinageuka rangi ya mahindi, na anachoka hata kucheza.

Konsolata ndiye aliyemwomba Mademwazeli aweke kile kitabu pembeni, kwa upole, akisema kinachakaa kwa moshi. Akaleta sufuria yake. Maharagi aliyaloweka tangu jana yake ili yaive kwa makala kidogo. Alitia viazi vitamu ndani ya sufuria hiyohiyo, na lengalenga, mchicha wa kwetu, mwishoni kabisa, zisilale motoni mpaka ziwe nyeusi. Ndagala kavu za Uvira, dagaa wa ziwani, alizitwanga na vichwa vyake, akachekecha, akanyunyiza unga ule juu pamoja na kijiko cha mawese. Baba na watoto wote walikula sufuria moja. Kwa yule mdogo alimenya maharagi, akayaponda kwenye sahani yake ndogo. Mbabula moja ya makala, sufuria moja, na lengalenga zilizoota zenyewe nyuma ya choo cha jirani. Mademwazeli alionja, akaomba tena. Tangu siku ile tulikuwa na jibu kwa kila mama aliyesema chakula kizuri cha mangaribi, cha jioni, ni cha wenye pesa.

Wamama, hata hivyo, hawakupenda jibu hilo. Maharagi yalikuwa chakula cha kambi na cha gereza. Mwanamke aliyetoka kijijini na kuingia nyumba ya matofali alitaka chai, mkate na mchele, na kama hana, alitaka jirani adhani anavyo. Nikiuliza darasani walikula nini jana, walijibu nyama. Bagira nzima ilikula nyama kila siku, na wachinjaji hawakujua.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Maman Riziki, mke wa fundi mwashi, aliyepanga nyumba Kasha. Hakuleta tena mtoto kwenye mizani, kwa hiyo tulimfuata. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, uso umejaa, miguu imevimba. Sufuria ilikuwa jikoni, imefunikwa na kikwembe kilichofungwa fundo. Nilimwuliza maswali yetu: anakula nini asubuhi, anakula nini mangaribi. Alinijibu nyama na mchele. Konsolata alifungua fundo taratibu. Ndani kulikuwa na bugali wa muhogo, mweupe, bila kitu kingine. Maman Riziki akageukia ukuta. Mtoto wake alipona, baada ya muda mrefu. Lakini mama yule kila aliponiona njiani alivuka upande mwingine, na mimi nilidhani hana shukrani.

Mimi nilikuwa nimeolewa na Fidele, karani wa ofisi moja ya serikali. Tulikuwa na binti, Devota, na mimba ya pili ilikuja mapema. Nilimwachisha Devota ziwa. Fuaye hawakutaka watoto wetu wenyewe wakati wa kazi, na mama mkwe wangu wa Mumosho alimwomba mjukuu kama ilivyo desturi. Tukampeleka. Mumosho ni karibu, ukishuka kuelekea mto Ruzizi, lakini mvua zikikaza barabara ile inakuwa uji, na mimi nilikuwa mzito.

Wakati huo Fidele alikuwa akitafuta karte ya watu walioendelea, cheti ambacho Wabeleji walimpa Mwafrika aliyeishi kizungu. Ili kuipata, wazungu wa kamati walikuja nyumbani kwako. Waliangalia vitanda, waliangalia kama mke anakaa mezani na mume, waliangalia uma na sahani. Fidele alijua watauliza habari za watoto. Siku tulipomwacha Devota alimwambia mama yake, kwa heshima lakini kwa mkazo, kwamba mtoto huyu asizoezwe chakula cha kijiji, chakula chake kitatoka mjini. Nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye kiti kidogo. Mama mkwe aliniangalia mimi, mtu wa fuaye, ajue kama ni kweli. Nilikuwa nikimfunga Devota kofia, sikusema kitu.

Basi tulituma vitu. Mwanamume mmoja wa Mumosho aliyeleta maharagi kuuza Bagira ndiye aliyebeba vifurushi vyetu: sukari, mikate, majani ya chai, biskuti, na unga wa muhogo uliochekechwa mpaka ukawa kama poda ya uso. Nilivipanga mimi kwa mikono yangu, na nilifurahi nilipovipanga. Mvua zilipokuwa katikati, mtu yule alileta habari: mtoto ananenepa sana, mashavu yamejaa. Fidele aliwapa marafiki zake ofisini habari hiyo. Mimi, niliyelipwa kwa kubonyeza miguu ya watoto wa watu, nilimshukuru Mungu.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Nilipopata nguvu nilimfunga mgongoni, nikaenda Mumosho na Fidele, njia ikiwa imekauka kidogo. Mama mkwe alikuwa anapika nje. Nilisikia harufu kabla ya kufika: maharagi, viazi vitamu, na lengalenga zilizotiwa wakati huohuo. Devota alikuwa amekaa ukutani kwenye jua. Hakuinuka. Hakunikimbilia, hakunikasirikia, aliniangalia kama mtu anavyoangalia mvua inayonyesha kwenye mlima mwingine. Uso ulikuwa umejaa kama mwezi. Niliinama, nikaweka kidole gumba juu ya wayo wake, nikabonyeza. Shimo lilibaki.

Nilimwuliza mama mkwe alikuwa anampa nini. Alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kikapu chetu, akanionyesha jinsi alivyokitunza, kimefunikwa vizuri panya wasifike.

"Sikumunyima kitu, Mama Devota," alisema. "Ile yote mulituma nilimupatia yeye. Mimi sikugusa hata sukari."

"Na hii maharagi?"

"Hii ni yangu. Papa yake alisema mutoto asizoee chakula ya kijiji. Alikuwa ananyoosha mukono ku sufuria, mimi ninaondoa. Niliogopa mutasema nimewaharibia mutoto."

Alisema hivyo akitaka nimsifu. Alikuwa ameshinda kishawishi cha kila bibi kizee duniani, kwa ajili yetu. Fidele alitoka, akaenda kusimama kwenye migomba. Mimi nilikaa chini karibu na mtoto. Mkono wake ulikuwa baridi, na ngozi ya kiwiko ilikuwa imeanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye maji. Sufuria ilikuwa inachemka hatua chache kutoka alipokaa. Ilikuwa imechemka hapo kila siku, miezi ile yote.

Tulirudi naye siku hiyohiyo. Njiani Fidele aliniambia alichokuwa amekifikiria kwenye migomba.

"Tumupeleke upande wa Kavumu. Kule kuko dispansere ya misioni, na hakuna mutu anatujua."

Sikumlaumu, maana mimi pia nilikuwa nimefikia hapohapo. Siku ya pili ilikuwa siku ya mizani Bagira, na veranda ingejaa wamama wangu wote. Nilituma neno kwa Konsolata kwamba naumwa kichwa. Asubuhi nilipanda mjini kamyo ya mizigo iendayo barabara ya Goma, inayopita njia panda ya Bagira, mdogo mgongoni, Devota mapajani, nimemfunika shali mpaka machoni.

Mkisimuliwa na wengine mtaambiwa kwamba nilirudi kwa ujasiri. Haikuwa hivyo. Hatukufika mbali Devota akaanza kupoa. Alikuwa hatetemeki, anapoa tu, na macho yanazunguka juu. Kavumu ilikuwa bado mbali. Nilipiga kibati cha kamyo, dereva akasimama kwenye njia panda ya Bagira, nikashuka kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kushuka.

Veranda ilikuwa imejaa. Waliniona natembea kutoka barabarani nikiwa sina aproni, na maongezi yakakatika kuanzia benchi la mbele mpaka la nyuma. Mademwazeli alitoka, akafunua shali, akageuka mwekundu. Alinishika mkono, akasema kwa Kifaransa tuingie ofisini kwake, tutafunga mlango, hakuna haja ya watu kuona. Nilikuwa tayari nimegeuka kumfuata. Konsolata hakuinua sauti.

"Mizani iko huku, Mademwazeli."

Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi. Walimpasha Devota joto kwanza, chupa za maji ya moto na blanketi, wakampa maji ya sukari kwa kijiko. Kisha Konsolata akamtia kwenye ule mfuko. Devota alining'inia kimya. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akivuta pumzi, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumewafundisha maana ya ukimya huo.

Maswali yalifuata. Hakuna mtoto aliyepita pale bila maswali, na Konsolata aliniuliza kama alivyowauliza wote, kwa sauti ileile, akiwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda.

"Mama Devota, mutoto alikuwa anakula nini mangaribi?"

"Chai. Na mukate."

"Mukate ikiisha?"

"Uji ya muhogo, na sukari."

"Lengalenga?"

"Hapana."

"Maharagi?"

"Hapana."

 Najua hakutaka kuliuliza la mwisho, lakini lilikuwa swali letu, mimi mwenyewe nililiuliza kila wiki.

"Ndani ya nyumba, maharagi ilikuwa?"

"Ilikuwa," nilisema.

Sijawahi kusema neno zito kuliko hilo, hata mbele ya padri. Kama ningesema hatukuwa na kitu, wangenihurumia. Niliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi, nakumbuka, na wengi wao walikuwa peku. Nilitamani Kavumu, nilitamani hata kijiji chochote nyuma ya Kavumu.

Mtu alisogea pembeni yangu. Alikuwa Maman Riziki. Aliondoa kikapu chake kwenye benchi, akanisogeza kwa kiuno ili mtoto wa mgongoni apate kivuli. Hakuniangalia. Alikuwa akiangalia mizani.

"Ya kwangu alikataa kula siku mingi," alisema. "Kisha akaiba kiazi ya dada yake. Nikajua atabaki. Angalia siku ataiba."

Devota alikaa dispansere majuma mengi. Mwanzoni ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kidogo kidogo, usiku na mchana. Uvimbe uliposhuka, chini yake tulikuta mifupa, na Fidele alidhani tunamwua. Nilimweleza kwamba unene ule ulikuwa maji. Alikaa kitandani kwa mtoto na suti yake ya ofisi, akamshika mguu mmoja kama mtu aliyeshika kikombe cha watu. Hakuongea tena habari za Kavumu. Baadaye tulianza maharagi yaliyomenywa na kupondwa, unga wa ndagala, kiazi kitamu, mawese. Kila nilipopeleka kijiko aligeuza kichwa. Mpaka siku moja nilikuwa nakula mimi, nimechoka, sahani magotini, na mkono mdogo ukapita chini ya kiwiko changu ukachukua kiazi.  Nilitazama dirishani ili aibe vizuri.

Nilirudi darasani nikiwa sijui nitasimama wapi. Nilifikiri watacheka, na wawili watatu walicheka, haki yao. Niliuliza, kwa mazoea, walikula nini jana mangaribi.  Nikasema mimi nitaanza: jana tulikula maharagi na lengalenga, na kabla ya hapo nilikuwa nakula mkate wa karani na kuwafundisha nyinyi maharagi. Maman Riziki akasema bugali na chumvi. Mwingine akasema bugali na pilipili. Mwingine akasema hawakula. Siku ile ndipo nilipoanza kufundisha kupika, maana siku ile ndipo nilipojua sufuria zina nini. Nyinyi vijana mna karatasi za maswali nzuri kuliko zetu. Jazeni ya kwenu kwanza, kwa sauti.

Kamati ilikuja mangaribi moja bila kutangaza. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu kusaidia watoto, na mezani palikuwa na sufuria yake ya maharagi. Niliona Fidele akiangalia kabati, mlimokuwa na kopo la nyama lililowekwa kwa ajili ya siku hiyo. Mzungu mmoja aliuliza kama hicho ni chakula cha boyi wetu. Fidele alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

"Hapana, bwana. Ni chakula yetu," alisema, akakaa, akapakua.

Kama alipata karte au hakupata, si neno la hapa. Uhuru ulikuja baada ya miaka michache, na karte zile nilikuja kuziona sokoni Kadutu zimefungiwa karanga.

Mnanijua kama mtu wa maneno makali, mnaona nimemaliza kazi nikiwa na heshima, na mlisema hivyo siku ile ya soda. Nisingependa mbaki na hilo peke yake. Devota alikua, aliolewa, yuko Uvira, mnene wa kweli. Fidele na mimi tulisameheana bila kulizungumza sana. Ila mama mkwe hatukuweza kumrekebisha. Nilimwambia mara nyingi kwamba kosa halikuwa lake, kwamba sufuria yake ndiyo iliyokuwa dawa. Alinisikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini tangu siku ile ya Mumosho hakumpa tena mtoto wa nyumba yangu kitu chochote, hata ndizi, kabla ya kuniuliza.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake macho yalikuwa yameshazimika. Devota alikuwa amekuja na mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo alikuwa amesimama mbele ya mzee, mdomo wazi, akingoja. Mzee alikuwa na kiazi kitamu mkononi, amekivunja, kinatoa mvuke. Alisikia hatua zangu mlangoni, akageuza uso upande wangu.

"Mama Devota, nimupatie?"

Nilimwambia ampe. Mkono wake ulibaki juu, unangoja. Nilimwambia mara ya pili, ndipo akaushusha.